Nani Anafua Namba Sita?

Siku hizi ukipita Same utawakuta vijana wa Upepo FC wana jezi seti mbili, za nyumbani na za ugenini, zimekunjwa kwenye mabegi yenye zipu. Safi, hongera zao. Ila sisi tuliokuwepo enzi za seti moja, ile ya kijani iliyopauka mpaka ikawa rangi ya maji ya mchicha, tuna kitu chetu. Jezi zetu zilikuwa zinanukia tangawizi. Mpaka leo nikinusa chai ya tangawizi mahali, naona uwanja.

Ilianzia stendi, siku ya gulio. Basi la kutoka Miamba, kule juu milimani, limeingia na vumbi lake, upepo wa Same unavuruga kila kitu, wauza karanga wanakimbilia madirisha ya mabasi ya Arusha. Konda yuko juu ya keria anarusha mizigo kama ana ugomvi nayo. Chini yupo Asheri, beki wa kati wa Upepo, mrefu, mwembamba, raba zimefungwa na kamba ya katani. Timu ilicheza mlimani jana yake, yeye ndiye aliyeachiwa kurudi na vifaa. Akarudi nyuma hatua moja ili kiroba kisimpige kichwani.

"Kaka, umenikanyagia kiroba."

Akageuka. Msichana kavaa dera la bluu, kilemba cha njano, kandambili zimejaa udongo mwekundu wa mlimani. Mkono kiunoni.

"Samahani dada. Nilidhani ni cha kwangu."

"Kumbe cha kwako ndiyo unakikanyaga?"

"Cha kwangu kimezoea."

Msichana alitaka kucheka, akajizuia, akainama kufunga kilemba kilichokuwa kinataka kupeperuka. Viroba vilikuwa viwili, vyote vyeupe, vyote vimefungwa kamba ileile. Kila mtu akanyanyua kimoja, kila mtu akaondoka zake. Asheri alitembea hadi nje ya stendi akiwa bado anatafuta la kumwambia.

Sasa huyu msichana, anaitwa Koleta, alifika kwa mnunuzi wa tangawizi, akafungua kiroba mbele ya watu. Ukadondoka mpira. Ukabingirika hadi kwenye mizani. Nyuma yake zikaja njumu, soksi, na jezi za timu nzima zilizolala na jasho. Mnunuzi akaziba pua. Koleta akaokota mpira, akaona namba ya simu imeandikwa kwa maka pen. Mwalimu Hedwiga, kocha wetu, ndivyo alivyokuwa, mpira wake lazima uwe na namba, ukipotelea kwa watu uweze kurudi.

"Halo, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Koleta, natokea Miamba. Nina mpira wenu. Na soksi. Samahani mama, mwenye hizi soksi ni mzima?"

Mwalimu Hedwiga alicheka hadi simu ikataka kumdondoka. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu, ndiye aliyeianzisha Upepo kwa kuokota watoto waliokuwa wanashinda stendi badala ya darasani. Akampa Asheri simu.

"Ni wewe uliyenikanyagia?" Koleta akauliza.

"Ni mimi. Na wewe ndiye mwenye tangawizi? Nzuri sana. Mwalimu ameshatia kidogo kwenye chai."

"Ameshatia! Tangawizi yangu?"

"Mpare ameanza. Niambie tu kesi tunaifungua lini."

"Na wewe si Mpare?"

"Mimi Mpare wa vumbini. Wa mlimani ndiyo mnapenda mahakama."

"Kesho saa nne niletee mzigo wangu hapa kwa mama mdogo, nyuma ya msikiti. Halafu hizi jezi..." Akaziba pua. "Hizi nguo zilikufa lini?"

Asheri alipofika kesho yake alikuta seti nzima imefuliwa, imeanikwa kwenye uzio, inapigapiga na upepo. Koleta alikuwa ameshindwa kulala nayo nyumba moja. Tatizo moja tu: alizisuuzia kwenye beseni analooshea tangawizi.

Jumamosi tukacheza na Makanya. Tukashinda, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Dakika za mwisho kapteni wao akaenda kwa refa. "Hawa wamepaka dawa. Mnuse!" Refa, mtu mzima na filimbi yake shingoni, akapita mstari mzima ananusa vifua vya watu mmoja mmoja. Akafika kwa Asheri, akavuta pumzi mara mbili.

"Hii ni chai," akasema, akapuliza mpira uishe.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekubali kucheza na jezi isiyonukia, kila mtu akawa anasuuza yake na kipande cha tangawizi.

Lakini lazima uielewe kanuni ya Mwalimu Hedwiga, maana bila hiyo huelewi chochote. Upepo jezi unafua mwenyewe. Aliyeivaa ndiye anayeifua, anaianika kwao, anairudisha. Hakuna kumtupia dada yako. Mwalimu alikuwa anatusimamisha mstarini anasema, "Akikufulia mtu mwingine, awe mama yako mzazi au awe mtu mtakayeoana. Hakuna mwingine duniani anayestahili kuteswa na jasho lako." Aliisema kwa utani, sisi tukaishika kama sheria. Ikafika mahali mtaa mzima unasoma kamba za nguo. Jezi ya fulani ikionekana kwenye kamba ya binti fulani, basi, hilo ni tangazo la kanisani.

Siku ile Koleta alipomsindikiza Asheri kuirudisha seti iliyofuliwa, Mwalimu akamwangalia juu ya miwani.

"Mwanangu, umeshachumbiwa na watu kumi na moja. Sasa chagua mmoja, wengine warudishie posa zao."

Vijana tukapiga makelele. Koleta akasema, "Mimi nilikuwa naokoa mazingira tu." Lakini macho yalipita pembeni, yakatua kwenye namba sita, jezi ya Asheri.

Alikuwa amehamia mjini kwa mama mdogo ili auze tangawizi ya bibi yake. Akaanza kuja uwanjani Ijumaa, siku ya makande. Kiingilio cha Upepo kilikuwa kikombe cha mahindi au maharage, ukikosa unaleta kuni, ukikosa kuni unachota maji. Vyote vinaingia sufuria moja, mnakula sahani moja watu watatu. Kuna watoto pale hicho ndicho kilikuwa chakula chao cha maana wiki nzima, na hakuna aliyejua nani alileta maharage na nani alileta maji tu. Asheri alikua kwenye sufuria hiyo. Alilelewa na bibi, akauza karanga stendi akiwa bado anaota meno ya ukubwani, Mwalimu akamrudisha shule kwa sikio, kweli kabisa, alimshika sikio. Sasa amemaliza kidato cha nne, hajui aende wapi, asubuhi anasukuma toroli la maji, jioni anafundisha wadogo kupiga pasi. Kitu pekee alichokuwa anakiita changu ni ile namba sita.

"Asheri," Koleta alimwambia Ijumaa moja, wanakula. "Mbona hapa kila mtu ni mvulana? Wasichana wao hawana miguu?"

"Wanayo. Tatizo jezi. Seti moja."

"Kwani mnalala nazo?"

Asheri akamsogezea upande wenye maharage mengi.

"Leta hiyo namba sita," Koleta akasema, anaangalia sahani.

"Ya nini?"

"Nifue."

Asheri akaacha kutafuna. "Unajua kanuni lakini."

"Si mama yako mimi," Koleta akasema. "Sasa leta au acha."

Mwaka mzima namba sita ikawa inaanikwa nyuma ya msikiti, kwa mama mdogo, kila Jumapili jioni. Ukitoka stendi unaiona. Watu wazima walikuwa wanampigia Asheri honi, "Mkwe wa mlimani!" Simu zao usiseme. Anampigia akiwa hatua chache kutoka kwao.

"Mama tangawizi."

"Abee, mtu wa vumbi."

"Unafanya nini?"

"Nakuona hapo nje umesimama kwenye nguzo unajifanya unaongea na mtu wa maana."

"Naongea naye."

Kisha ukaja msimu wa kuvuna, bibi akamwita Koleta juu. Miamba kwao mtandao hadi upande jiwe fulani juu ya kanisa, na hapo ushikilie kilemba kwa mkono mmoja. Shangazi yake wa Arusha naye alikuwa anamsumbua akakae naye dukani kwake, duka la vitenge, kazi nzuri, chumba kipo. Koleta alikuwa anakataa. Sababu ya kukataa ilikuwa inaanikwa kwenye kamba, hakuona haja ya kumweleza shangazi.

"Kole," Asheri alisema siku moja, Koleta yupo kwenye jiwe, upepo unaunguruma kwenye simu. "Nina kitu nitakuonyesha ukirudi."

"Kitu gani?"

"Sisemi kwenye simu."

"Asheri! Nimepanda jiwe lote hili, bebi, niambie!"

"Ukiona utalia."

"Mimi silii ovyo. Niambie rangi tu."

"Kijani."

Akacheka, mtandao ukakata.

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Asheri alimfuata Mwalimu Hedwiga, akamwambia wasichana wanaweza kucheza Jumapili na jezi zilezile walizovaa wavulana Jumamosi, mradi zifuliwe haraka. Akazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba akiomba ruhusa kwa wazazi, akafukuzwa kwa wengine, akarudi tena. Wakapatikana. Wauza maji, wauza karanga, mmoja ana mtoto mgongoni anamwachia Mwalimu wakati wa mazoezi. Namba sita akapewa Jesca, binti wa mama chapati pale stendi, beki ana miguu kama nguzo za umeme. Na kanuni ni ileile: aliyeivaa anaifua, anaianika kwao.

Jumatatu moja Koleta akashuka bila kumwambia mtu. Naye alitaka kumshtukiza. Alivaa gauni jipya la maua, nywele kasuka mabutu, kabeba tangawizi changa kwenye kikapu, ile isiyo na nyuzi, anayoipenda Asheri. Basi likasimama. Akashuka, akainua macho. Kwenye kamba ya mama chapati, katikati ya kanga na taulo, imeanikwa jezi ya kijani. Namba sita. Jesca anaigeuza ikauke upande wa pili, anaimba.

Koleta alisimama hapohapo, watu wanamgonga na mizigo. Akatoa simu.

"Mama tangawizi!" Asheri akapokea. "Leo umepanda jiwe mapema."

"Asheri, namba sita iko wapi?"

Asheri, yule bwana asiyejua kudanganya hata mpira, akaona surprise yake inaharibika. "Namba sita? Iko... iko kwa fundi. Ilichanika kwapani."

"Kwa fundi."

"Ndiyo. Anaishona."

"Fundi gani?"

"Yule... Kole, mbona unauliza hivyo?"

"Basi. Mwambie fundi aigeuze vizuri, upande wa kulia bado mbichi."

Akakata. Akazima simu. Kikapu cha tangawizi akamwachia mama aliyekuwa anauza ndizi, akapanda basi lilelile kurudi juu. Konda akamwuliza, "Dada, si umeshuka sasa hivi?" Akampa nauli.

Asheri alipiga mpaka simu yake ikapata moto. Jioni mama wa ndizi alimwona anapita, akamwita, "Wewe, yule mchumba wako wa mlimani ameniachia tangawizi asubuhi. Alikuwa ameangalia kule kwa mama chapati, machozi yanamtoka." Asheri akatazama kule. Namba sita bado ipo kwenye kamba. Alikaa chini pale pale kwenye maganda ya ndizi.

Siku ya pili alipanda Miamba. Bibi alimpokea mlangoni, fimbo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hayupo."

Alikuwepo. Alikuwa jikoni, anasikia kila kitu, ameshika kinu.

"Bibi, naomba nimweleze tu, ile jezi..."

"Mjukuu wangu amefua jasho lako mwaka mzima," bibi akasema. "Amekuja kukuona, ukamwambia fundi. Mimi sijui mpira. Fundi wa namna hiyo namjua. Nenda salama baba."

Asheri akazungumza kwa sauti kubwa kuelekea jikoni, "Jumapili tuna mechi, Kole! Njoo uone mwenyewe!" Kuku tu ndio walioshtuka. Akashuka mlima kwa miguu hadi giza linakaribia, maana basi lilishaondoka.

Koleta jioni hiyo alipanda jiwe, akampigia shangazi. "Nakuja Jumapili." Ile habari ya mechi aliisikia vizuri sana. Akajiambia, niende kumwangalia anacheza ili iweje? Nimshangilie, halafu Jesca afue?

Jumapili saa sita mchana Koleta yupo stendi ya Same na begi, kavaa kitenge alichoshonewa kwa ajili ya harusi ya binamu yake na viatu vya kamba. Basi la Arusha linasubiriwa. Uwanja wa Upepo upo ng'ambo ya barabara, kelele zinafika. Aliapa hataangalia. Akaangalia kidogo tu. Akaona namba sita inakimbia.

Lakini inakimbiaje vile? Asheri anakimbia kama twiga. Huyu anakimbia kama amefukuzwa na nyuki, na ana kilemba.

Koleta akavuka barabara, begi mkononi, boda ikampigia honi, hakusikia. Akafika kwenye mstari wa chaki. Uwanja umejaa wasichana. Kijani upande huu, nyekundu za Mwanga upande ule. Yule wa kuuza maji kipa. Mtoto wa mtu analia mgongoni kwa Mwalimu Hedwiga. Na namba sita ni Jesca, magoti yote vumbi, anapiga kelele, "Panga ukuta! Panga ukuta jamani!"

Asheri alikuwa ng'ambo, amechuchumaa, anafundisha kwa mikono. Akamwona. Akasimama. Hakuvuka.

Mapumziko Jesca ndiye aliyemfikia kwanza.

"Wifi, umekuja! Huyu mtu wako wiki nzima hali makande. Ametuambia tusikwambie kuhusu timu, eti surprise. Mimi nilimwambia, Asheri, wanawake hatupendi surprise, tunapenda taarifa."

Koleta akaweka begi chini.

"Shikamoo Mwalimu," akasema, maana Mwalimu alishafika.

"Marahaba mwanangu. Uliuliza kama wasichana hawana miguu. Haya, ndiyo hiyo. Sasa tuko kumi, Yudith mama yake kamkatalia mlangoni. Una miguu au huna?"

"Mwalimu, mimi nasafiri. Basi..."

Basi la Arusha likapiga honi kule stendi. Wote wakageuka. Koleta akaangalia begi lake. Kisha akamwangalia Asheri, ambaye sasa alikuwa amevuka, amesimama mbele yake mikono nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Fundi amemaliza kushona?" akamwuliza.

"Kole, nisamehe. Nilitaka ulie kwa furaha. Sikujua kupanga."

"Hujui kabisa."

"Sijui kabisa."

Jesca alishavua namba sita, amebaki na fulana ya ndani, anamtupia. "Umeifua mwaka mzima hujawahi kuivaa hata siku moja. Vaa dada. Mimi nitavaa ile ya akiba isiyo na namba."

Koleta alivaa jezi juu ya kitenge cha harusi. Akavua viatu vya kamba, akapewa njumu za mtu, kubwa, akajaza soksi mbele. Basi likapita barabarani taratibu, konda anachungulia mlangoni anaita, "Arusha! Arusha wa mwisho!" Simu ikalia kwenye begi, Asheri akampa.

"Shangazi... basi limeniacha."

"Limekuacha au umeliacha?" shangazi akauliza.

"Shangazi, nakupigia baadaye, refa anapuliza."

Tulifungwa. Mabao sijui mangapi, wa Mwanga walikuwa wamejipanga. Koleta alipiga hewa, alipiga mguu wa Jesca, mara moja akaupiga mpira, ukatoka nje ukaenda stendi, na uwanja mzima ukashangilia kama bao la fainali. Alikuwa analia anacheka, vumbi na machozi vimemchora usoni, na Asheri pembeni anaimba jina lake mpaka sauti ikakauka.

Jumatatu asubuhi tulipokuwa tunapita kwenda kuchota maji tulimkuta Asheri nje kwa bibi yake, pale pale barabarani ambapo kila mtu anaona, ameinamia beseni. Povu hadi kwenye viwiko. Anafua namba sita.

"Oya! Asheri! Si alivaa Koleta hiyo?"

Asheri akaendelea kusugua kola. Mmoja wetu akaelewa, akatupiga kiwiko. Madumu tukayaweka chini.

Koleta akatokea kona ya msikiti, kilemba cha njano, ameshika birika la chai ya bibi yake Asheri. Akasimama.

"Unafanya nini?"

"Nafua."

"Niliivaa mimi hiyo."

"Najua."

"Kanuni inasemaje?"

Asheri akainuka, maji yanamdondoka mikononi.

"Si mama yako mimi, Kole."

Hata mwenye boda alizima injini. Koleta akaweka birika chini, akasogea, akachungulia kwenye beseni kama mkaguzi.

"Hujasuuza vizuri," akasema.

Akaingiza mkono kwenye fundo la kanga, akatoa kipande cha tangawizi, akakiponda na jiwe pembeni ya ngazi, akakitumbukiza kwenye maji. Akakoroga mara moja.

"Haya. Anika."

Asheri akaikamua, akaianika. Upepo wa Same ukaja kama kawaida yake, ukaijaza ile jezi kama kuna mtu ndani, na mtaa mzima ukanusa.